Pigo la Kutazamwa

Hilali bin Omary alikuwa mtunza stoo, na stoo yake ilikuwa safi kuliko zote, lakini hakuna mtu kati ya Kasulu na Kibondo aliyemtaja kwa ajili ya stoo. Walimtaja kwa gofu.

Mwaka 1975 kampuni moja ya ujenzi iliweka kambi nje kidogo ya mji wa Kasulu ili kuitengeneza upya barabara ya kwenda Kibondo. Mhandisi mkuu, Mdenmaki aliyeitwa Jensen, aliwaamuru madereva wa greda wasawazishe kipande cha pori nyuma ya kambi. Watu walidhani kampuni inataka kulima. Baada ya wiki mbili wakaona mashimo matano, kila shimo na duara lake la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na kila duara na kibendera chekundu. Kambi ya Kibondo nayo ikatengeneza mashimo yake matano. Ndivyo mchezo huo ulivyofika Uha, nchi ya Waha, na wazee wa vijiji vya karibu walikuja wakatazama, wakaulizana kama kweli mtu mzima anaweza kutembea jua lote akifuata kitu kidogo kama yai la njiwa.

Hilali alikuwa akiujua tangu zamani. Alikulia Tanga, na ujana wake wote aliubeba pamoja na mifuko ya fimbo za wazungu. Aliwatazama wanavyosimama, wanavyoinua na wanavyoshusha, na kila walipokwenda kunywa chai alijaribu mwenyewe nyuma ya banda. Baadaye alimfuata mjomba wake aliyekuwa na duka Kasulu, akaoa huko, akaajiriwa kambini. Jumapili moja Jensen alimpa fimbo kwa mzaha. Hilali alivua kofia, akaikabidhi kwa mwenzake, akapiga. Jensen hakucheka tena.

Pigo lake lilikuwa hivi. Alisimama kimya mpaka kimya chenyewe kikawaingia waliomzunguka. Fimbo ikapanda polepole hadi juu ya bega, ikatulia pale kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo la maana, kisha ikashuka bila haraka na kupita. Alipomaliza, kifua kilikuwa kimeelekea bendera, kisigino cha kulia kimeinuka, na fimbo imelala nyuma ya shingo. Madereva walizima injini ili wamwone. Akina mama waliokuwa wakitoka shambani walitua mizigo. Watu wakavuta "Aaa!" ndefu, na Hilali akabaki vilevile, hajikunyati, mpaka ile "Aaa" iishe.

Mpira wenyewe ulipaa juu sana. Mara nyingi upepo wa kiangazi uliudaka huko juu ukautupa kwenye mihogo ya watu. Lakini mpaka uanguke, watu walikuwa bado wanamtazama Hilali.

Sabasaba ya mwaka 1976 wafanyakazi wa kambi ya Kibondo walikuja Kasulu kushindana, watu watatu kwa watatu, na upande wenye jumla ndogo ya mapigo ndio mshindi. Hilali alikuwa nahodha. Kasulu ilishindwa. Watu waliulaumu upepo, wakamlaumu mpishi aliyecheza wa pili, wakailaumu na mihogo. Hilali hakulaumiwa na mtu.

Miezi michache baadaye ndipo alipojulikana Ndayiragije.

Ndayiragije alikuwa mfyekaji wa majani, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye maneno machache. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 kwa njia ya Mabamba, upande wa Kibondo, akakaa huko kidogo, kisha akahamia kijiji kimoja cha njia ya Heru pamoja na mkewe Esteri. Kambini alipewa fyekeo na kazi ya kuzuia nyasi zisimeze mashimo matano. Katika nyasi hizo aliokota mipira iliyopotea, na badala ya kuibeba mkononi aliirudisha kwa kuipiga na ubapa wa fyekeo kuelekea bendera iliyo karibu. Asubuhi moja Jensen alisimama akaona mipira mitatu ikifuatana, yote ikilala kwenye duara moja la mchanga. Akaenda kumletea fimbo.

Watu wa kambi walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndayiragije alitanua miguu kama anayetaka kuchinja. Fimbo haikupita kiuno. Aliivuta nyuma kidogo tu, kiwiko kimebana ubavuni, kisha akaichapa mbele kwa mwili mzima, akayumba, na mguu mmoja ukabaki hewani kama wa mtu aliyekanyaga siafu. Mpira haukupaa. Ulikwenda chini chini, ukadunda kwenye udongo mkavu, ukaviringika, ukaviringika, ukasimama.

Bazilio, nyapara wa wafyekaji, ndiye aliyehesabu. Mashimo matano yalipokwisha alitazama vidole vyake.

"Ishirini na moja," akasema.

"Hesabu tena," wakamwambia.

Akahesabu tena. Ishirini na moja. Siku ile ile Hilali alimaliza kwa ishirini na nne, na upepo ulikuwa mdogo.

Jensen akamwingiza Ndayiragije katika wale watatu watakaokwenda Kibondo Sabasaba ya mwaka uliofuata. Vijana wa gereji wakatunga namna ya kumwigiza. Wakimwona anapita, mmoja anainua mguu na kuyumba, wengine wanapiga yowe. Ndayiragije hupita kama hajaona.

Mwezi mmoja kabla ya safari alifika stoo jioni, fyekeo begani, akasimama mlangoni.

"Karibu, ndugu yangu," Hilali alisema. "Unataka jiwe la kunolea?"

"Hapana, Bwana Hilali. Nataka unifundishe kupiga kama wewe."

Hilali aliweka chini boksi la misumari. "Wewe unapiga mapigo ishirini na moja. Unataka nini zaidi?"

"Nataka watu wa Kibondo wasinicheke."

"Waache wacheke. Mwisho wa siku kinachosomwa ni hesabu."

"Wa hapa wanaweza kunicheka. Wa Kibondo, hapana." Alishusha fyekeo begani, akaongeza, "Nakuomba."

Tangu aanze kazi kambini hakuna mtu aliyemwomba Hilali jambo kwa sauti ile. Moyo wake ulijaa. Alifunga stoo, wakaenda pamoja shimo la kwanza.

Wakaendelea hivyo kila jioni. Hilali alikuwa mwalimu mzuri na mkali. "Inua. Juu zaidi. Mpaka sikioni. Usiukunje mkono." Ndayiragije aliinua. Jasho lilimtoka usoni, meno akayakaza, na Hilali alidhani ni ugumu wa mwili usiozoea. "Taratibu, ndugu yangu. Hupalilii mahindi. Tena." Akainua tena. Wiki ya pili fimbo ilianza kufika pale inapotakiwa kufika. Wiki ya tatu wale vijana wa gereji walipita, wakasimama kutazama, na mmoja wao aliyekuwa ameanza kuinua mguu akaushusha mwenyewe.

Jioni hiyo Hilali alihesabu mapigo kimoyomoyo bila kumwambia. Yalikuwa ishirini na sita. Jioni iliyofuata yakawa ishirini na saba.

Nyumbani, mkewe Shamsia alikuwa akipepeta mchele, na Hilali akamsimulia jinsi mwanafunzi wake alivyobadilika. "Ungemwona, Mama Tunu! Mkono umenyooka, kichwa kimetulia. Utadhani amezaliwa Tanga."

"Na mpira unakwenda wapi?"

"Mpira gani?"

"Si mnapiga mpira? Nauliza unakwenda wapi."

Hilali aliinama kuvua viatu. "Utazoea," akasema. "Kwanza pigo, halafu mpira."

"Wako umezoea?" Shamsia aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kuuliza tu. Lakini Hilali alikwenda kutawadha na swali lile likamfuata hadi kwenye birika. Alijua kwamba lazima amwambie yule mtu arudie namna yake. Alijua vilevile kwamba akimwambia, kambi nzima itafahamu kuwa pigo la kufyeka linashinda pigo la Hilali, na si kwa bahati. Akajipa siku mbili za kufikiri. Siku mbili zikawa wiki, na Sabasaba ikafika.

Walipanda lori alfajiri, wamekaa juu ya magunia, vumbi jekundu likiwafuata hadi Kibondo. Ndayiragije alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na ili lisichafuke alilifunika kwa koti la mvua njia nzima. Uwanjani walikuta watu wengi. Kulikuwa na wenye maduka waliovaa kanzu kwa ajili ya sikukuu, wauguzi wa hospitali, wakulima waliopitia sokoni, na watoto wasiohesabika. Jina la Hilali lilikuwa limetangulia. Alipopiga la kwanza, ile "Aaa" ilikuwa kubwa kuliko ya Kasulu.

Kisha akaitwa Ndayiragije. Alivua koti, akalikunja. Alisimama kimya. Fimbo ikapanda hadi sikioni, ikatulia, ikashuka. "Aaa!" wakasema watu wa Kibondo. Mpira ulipaa vizuri, ukaenda upande wa kushoto ukatua mbali na bendera, lakini macho ya watu yalikuwa kwake. Hilali aliona yule mtu anavyonyoosha shingo, na akafurahi kwa ajili yake, na papo hapo akageuka kuutafuta mpira ulikotua.

Hadi shimo la nne Kasulu ilikuwa nyuma kwa mapigo mawili. Hapo, kati ya watazamaji, mtu mmoja wa makamo aliyevaa kaptura ya kaki alisogea mbele. Jina lake Sylvesta, tarishi wa ofisi fulani mjini. Alimtazama Ndayiragije kwa makini.

"Nakufahamu," alisema. "Wewe nilikuandika jina pale Mabamba, mwaka ule. Ulikuja umefungwa mkono kwa kitenge cha mkeo. Tukasema huyu mkono umekwisha. Kumbe!" Akamgeukia jirani yake. "Mtazame sasa. Kama mzungu."

Ndayiragije alimpa mkono wa kushoto. "Nashukuru, mzee," alisema. "Ni mimi."

Hilali alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Alisikia kila neno. Akakumbuka meno yaliyokazwa, jasho la jioni zile zote, kiwiko kilichobana ubavuni. Walipokuwa wakitembea kuelekea shimo la tano alimsogelea.

"Mkono upi?"

"Nini?"

"Ulivunjika mkono upi?"

"Bega," Ndayiragije alijibu. "La kulia. Liliunga vibaya."

"Na mimi nakuambia inua mpaka sikioni!"

"Nilitaka kuinua."

"Sikiliza, ndugu yangu. Tuko nyuma kwa mawili. Piga la mwisho kwa namna yako ya zamani. Nyasi fupi, udongo mkavu, utafika. Nakuomba."

Ndayiragije alisimama. Mbele yao watu wa Kibondo walikuwa wameshapanga mistari miwili, wameacha njia katikati, na Sylvesta alikuwa akiwaeleza wengine huku akionyesha kwa kidole.

"Hapa, Bwana Hilali," alisema, "hapana."

Akaenda, akasimama, akapiga. Hilali mwenyewe alikuwa hajawahi kupiga vizuri kuliko vile. Mpira ukapita juu ya bendera na kutumbukia kwenye korongo nyuma yake, na ilimchukua mapigo manne kuutoa. Alipofika la nne, watu walikuwa bado wanalipigia makofi lile la kwanza. Kasulu ilishindwa kwa mapigo matano. Alipomrudishia Jensen fimbo, Ndayiragije aliitoa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa umening'inia.

Njia nzima ya kurudi Ndayiragije alikaa nyuma ya lori, koti la mvua limefunika bega.

Siku ya tatu mfyekaji hakuja kazini, wala ya nne. Siku ya tano Bazilio alisema ameshapata mtu mwingine. Mchana huo Hilali alifunga stoo mapema, akachukua baiskeli, akaenda kijijini.

Esteri alimpokea uani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno moja moja.

"Karibu. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwezi mzima halali upande ule. Nikamwambia acha. Akasema, bado kidogo." Alileta kigoda, akaingia jikoni.

Ndayiragije alitoka, bega limefungwa kitambaa. Hospitali ya mjini ilikuwa imemwambia asifyeke tena, labda milele. Waliketi. Hilali alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yalimtoka ovyo.

"Nilijua," alisema. "Si habari ya bega. Bega sikulijua, Mungu shahidi. Nilijua mapigo yanaongezeka. Tangu wiki ya tatu nilihesabu. Nikanyamaza."

"Mimi pia nilikuwa nahesabu," Ndayiragije alisema.

"Ulijua?"

"Ego, ndiyo. Mtu anayepiga anashindwaje kujua?" Alijiweka sawa kigodani. "Bwana Hilali, kwetu nilikuwa mwalimu wa shule. Miaka kumi na mmoja. Nikipita njiani watu wazima wanavua kofia. Wakati ule wa mauaji waliosoma ndio waliotafutwa kwanza, ualimu ulikuwa hatari kuliko wizi. Tulivuka mto, tumelowa, nimeanguka kwenye mawe, na pale Mabamba nilipoulizwa kazi nikasema mkulima. Nikabaki mkulima. Watu wa Kibondo waliniona vile, kama kuku aliyenyeshewa. Nilitaka waone kitu kingine. Siku moja tu."

"Wameona."

"Wameona." Alikaza fundo la kitambaa begani. "Lakini ungeniambia ulichokihesabu. Mimi nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Wewe yako ilikuwa nini?"

Hilali alitazama viatu vyake. Angeweza kusema alisahau, au alitumaini. "Wivu," akasema. "Nilikuwa nimekupita kwa sifa, na wewe umenipita kwa hesabu. Nikaona heri uje kwenye sifa, huko nakupita daima."

Jikoni Esteri alikuwa ameacha kugongagonga sufuria. "Ni jibu la kweli," Ndayiragije alisema. "Halinirudishii bega. Lakini ni la kweli."

Hilali hakuwa na la kumrudishia bega. Kesho yake aliingia ofisini kwa Jensen kabla ya chai, akamweleza yote, pamoja na ule wivu wake. Jensen alisikiliza, akauliza swali moja tu. "Anaandika?"

"Anaandika kuliko sisi wote hapa. Na Kifaransa anacho."

Kambi ilikuwa na karani wa mahudhurio aliyekuwa akikosea majina ya watu kila siku. Mwezi wa tisa Ndayiragije alikaa kwenye meza ya yule karani, akaandika kwa mkono wa kulia ulioegemezwa mezani, herufi zimesimama wima. Vibarua walipokuta majina yao ya Kiha yameandikwa sawasawa kwa mara ya kwanza, walianza kumwita mwalimu bila kuambiwa na mtu. Hakuwakataza.

Urafiki haukuja haraka. Kwa miezi miwili walisalimiana tu kama watu wa ofisi. Kisha jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, Hilali akiwa peke yake shimo la pili, upepo wa kuleta mvua umeanza na mpira wa tatu umeshaingia mihogoni, alisikia sauti nyuma yake.

"Usiinue."

Ndayiragije alikuwa ameketi juu ya pipa tupu la oili, ameukunja mkono mapajani. Hilali alijaribu kuinua kidogo.

"Bado juu. Kiunoni tu. Bana kiwiko."

"Nitaonekana kama mchinja mbuzi."

"Ego. Bana kiwiko."

Alipiga. Alijiona mwenyewe akiyumba, na aibu ikampanda hadi masikioni ingawa hapakuwa na mtu mwingine. Mpira ulikwenda chini ya upepo, ukafika mchangani.

Tarehe tisa Desemba watu wa Kibondo walikuja Kasulu. Ndayiragije hakucheza. Alikaa kwenye meza ndogo chini ya turubai na kalamu, ndiye mhesabuji wa pande zote mbili, na upande wa Kibondo haukupinga. Shimo la kwanza na la pili upepo ulikuwa umelala, na Hilali akapiga pigo lake, na watu wakavuta "Aaa" yao. Shimo la tatu mawingu yalisogea kutoka upande wa Heru, bendera ikaanza kupiga kelele kwenye mti wake. Hilali alisimama akaitazama. Watu walinyamaza, wakasubiri fimbo ipande.

Haikupanda. Alibana kiwiko, akachapa, akayumba. Wakacheka. Alisikia mtu akisema, "Hilali amezeeka!" na mwingine, "Labda anaumwa." Mpira ulidunda mara tatu kwenye nyasi mbichi, ukaviringika, ukasimama mkono mmoja kutoka shimoni. Ni watu wachache waliouona, kwa sababu wengi walikuwa bado wanacheka.

Hilali alitembea kuufuata. Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na shimo. Alitamani ile "Aaa," aliitamani kama mvuta tumbaku anavyotamani, na alijua kwamba upepo ukilala shimo la nne atalirudia pigo lake la Tanga, hata kama si lazima. Aliusukuma mpira ndani, akageuka kuelekea turubai.

"Mapigo mawili," Ndayiragije alitangaza kwa sauti ya darasani, mpaka wa nyuma wakasikia. Akaandika, akapuliza wino ukauke, akamwita mchezaji wa Kibondo.